Baba Yangu Niliyemnyima Ubatizo

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na dada zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyetununua. Mwenye kikao ameniita nije mbele kama wenzangu, lakini nimemwomba aniache nisimame hapa hapa karibu na mlango. Nikimaliza mtaelewa kwa nini. Nitasema Kiswahili kwa sababu leo tuna wageni kutoka Bukoba na Muleba, na tunao walimu wapya wanaopelekwa vijijini mwezi ujao. Kiswahili changu kikikwaruza mnivumilie, nyumbani tunasema Kinyambo. Na majina ya watu sitayataja. Baadhi yao wamekaa humu ndani. Wakitaka kujitaja, watajitaja wenyewe.

Mimi natoka Chonyonyo. Wengi mnanijua kama mkulima tu, mtu wa ndizi na kahawa. Lakini wazee wa hapa Ihembe wanakumbuka kwamba nilikuwa mwalimu wa dini. Nilibatizwa nikiwa kijana, wa kwanza katika ukoo wetu, na siku ile nililia. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili mjue kwamba Injili niliisikia kweli. Niliposikia kwamba Mwana wa Mungu alikufa kwa ajili yangu mimi, mtoto wa mtu aliyetumikia mizimu, nilimwamini pale pale. Haukupita muda mrefu nikapewa kitabu, ngoma ya kuitia watu, na darasa la ubatizo chini ya paa la nyasi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ndugu zangu, nawaambia, sikuanza kuanguka siku ile watu waliponiona nimeanguka. Nilianza siku niliyodhani kwamba habari ile ni ya watu wanaoingia, na mimi nimekwisha kuingia. Wale wapya niliwahubiria msalaba. Mimi mwenyewe nikabaki na kazi tu: kuamka mapema, kutokunywa, kutokukosea neno. Na kazi hiyo niliiweza. Hilo ndilo lililoniponza.

Mchungaji wetu alifika kwetu mara mbili kwa mwaka kwa baiskeli, na penye vilima aliikokota. Hakuwa na nafasi ya kumpima kila mtu. Alibatiza wale ambao nimemwandikia majina. Kwa hiyo mlango wa ubatizo pale kijijini ulikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa bawabu mkali. Mtu akikosa Amri moja, au akiruka maneno ya Imani ya Mitume, namrudisha mwaka mwingine. Watu wakasema, "Waliopita kwa mwalimu yule wamepita kweli." Nilipenda sana kusikia hivyo. Nilipenda kuliko nilivyopenda kusali.

Basi baba yangu akaja darasani. Alikuwa mzee tayari, meno ya mbele hana. Alikuwa amebomoa kijumba cha mizimu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, akachoma vifaa vyake vyote vya mizimu mchana, watu wakitazama. Wengine walidhani atakufa kabla ya jua kuzama. Hakufa. Jumapili iliyofuata akaketi kwenye nyasi pamoja na watu wa kujifunza, mbele ya mwanawe.

Kitabu chetu kilikuwa cha Kihaya, na yeye ni Mnyambo wa zamani. Maneno mengine aliyatamka kama mgeni. Wakati wa kuwapima ulipofika, nikamsimamisha.

"Amri ya nne," nikamwambia.

Akafikiri. "Usiibe."

"Hiyo ni ya saba."

"Basi ya nne ni..." Akatazama chini. "Mwanangu, zote zimo, ila hazikai kwenye mstari."

Watu wakacheka, kicheko cha kumpenda. Mimi sikucheka. Nikamwuliza, "Sasa unajua nini?"

Akasema, "Najua kwamba nilikuwa mtu wa mizimu, na Yesu akanilipia kwa damu yake, na sasa mimi ni wake. Hilo halinikimbii. Hata usingizini ninalo."

Nikamjibu, "Hilo ni la mwanzo, Tata. Kila mtu analijua hilo. Rudi mwaka ujao."

Ndugu, mnajua Amri ya nne inasema, waheshimu baba yako na mama yako. Mimi nilimwuliza baba yangu mbele ya watu, na mwenyewe sikuisikia.

Akaniambia, "Ndiyo, waitu." Wageni wetu, *Tata* ni baba, na *waitu* ni neno la kumheshimu mkubwa. Baba yangu alilisema kwangu, akaketi.

Nilimrudisha mwaka wa pili. Nikamrudisha mwaka wa tatu. Nilijiambia nafanya hivyo ili watu wasiseme mwalimu amempendelea mzazi wake. Mwaka wa tatu mchungaji mwenyewe aliniuliza, "Na mzee, baba yako? Namwona kila nikija." Nikamjibu, "Bado, Mchungaji. Bado anarudia mambo ya zamani." Huo ulikuwa uongo. Baba yangu hakuwa amerudia kitu chochote. Niliusema uongo ule nikiwa nimeshika kitabu cha mafundisho kifuani, na mchungaji akaniamini, akaandika majina ya wengine.

Mwaka ule ule, wakati vijana wetu walikuwa vitani na hatujui nani atarudi, binti yangu alishikwa na homa. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Aliumwa siku tatu, akafa. Tulimzika pembeni mwa kibanja, kwenye migomba. Mahubiri niliyatoa mimi mwenyewe, macho makavu. Mke wangu alipopiga kelele kaburini, nilimgeukia nikamwambia, "Acha. Unawafundisha nini watu wa mizimu?" Wazee wakasema, "Tazameni imani ya mwalimu." Mke wangu alinyamaza. Tangu siku ile hakulia tena mbele yangu, wala mimi sikumwuliza.

Lakini ndani yangu palikuwa pamekufa. Ningesema hivyo kwa nani? Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wamtwike Bwana mizigo yao. Ningeanzaje kusema wangu umenishinda? Nilikuwa na shemeji upande wa pili wa bonde ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Siku moja nilipita kwake, akanipa pole, akanipa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikanywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu nibatizwe. Nyumbani nikasema nimekwenda kutembelea wanafunzi. Wiki iliyofuata nikatembelea wanafunzi tena. Mama mmoja hapo ananitikisia kichwa. Ndiyo, mama, ulikuwa ukinipita njiani na ukanisalimu kwa heshima, nami nilikuwa nafunika mdomo kama mtu mwenye kikohozi.

Niliendelea hivyo miezi mingi. Jumapili nilihubiri juu ya ulevi. Nawaambia kweli, nilihubiri vizuri kuliko zamani.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Lakini nikiruka, nitakuwa nimewadanganya na ninyi.

Asubuhi moja ya darasa nilipitia kwa shemeji kwanza. Nilipofika kanisani watu walikuwa wamekaa, na baba yangu miongoni mwao, mwaka wake wa nne. Palikuwa na mama mmoja mjane, wa umri wa marehemu mama yangu. Alikuwa akijua masomo yake vizuri. Nikamsimamisha aseme Imani. Nikamkaribia. Akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama. Nikaona ananidharau. Nilikuwa na fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Nikamchapa nayo mkononi. Akarudi nyuma, nikamchapa tena, na mara hii ikampata karibu na sikio, damu ikatoka.

Baba yangu aliinuka polepole, kwa sababu magoti yalimsumbua. Akaja hadi niliposimama, akaitoa fimbo mkononi mwangu. Akasema, "Inatosha." Halafu akawageukia watu. "Nendeni nyumbani, waitu. Mwalimu ni mgonjwa."

Mgonjwa. Kila mtu mle alikuwa amesikia harufu ya rubisi, naye baba akanifunika kwa neno hilo. Akanishika mkono, tukatoka. Tulipita katikati ya kijiji mchana, wanawake wakiwa mashambani wamesimama na majembe yao. Aliniingiza kwangu, akamwambia mke wangu, "Mpe maji," akaenda zake.

Wazee wa kanisa walikuja siku ya tatu. Walichukua kitabu na ngoma. Barua ya mchungaji ikaja baadaye: nimeondolewa katika ualimu, nimefungiwa Meza ya Bwana. Akaletwa mwalimu mwingine, mtu niliyemfundisha mwenyewe kusoma. Sikuwa na la kumlaumu mtu. Lakini msidhani nilitubu siku ile. Kuona aibu na kutubu ni vitu viwili, na mimi nilikaa sana kwenye aibu peke yake. Nilijifungia ndani. Kahawa iliiva ikaanza kudondoka, mke wangu akaichuma na baba yangu, wawili, mimi nikisikia sauti zao nje. Nilihesabu nani ananicheka. Nilitunga maneno ya kujitetea. Rubisi sikuifuata, kwa sababu ya kuogopa kuonekana njiani, si kwa sababu nyingine.

Kisha asubuhi moja baba yangu akaingia. Akaketi kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, akatoa kahawa zake za kutafuna, akanipa chache. Tukatafuna. Akasema, "Nimekuja kukupa habari."

Nikadhani kuna msiba. "Habari gani, Tata?"

"Yesu alikufa kwa ajili yako."

Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Nikasema, "Hilo nalijua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ndiyo, ulinifundisha," akasema. "Ndiyo maana nimekuletea. Naona kwako limekwisha."

Ndugu zangu, nilikasirika kuliko nilivyowakasirikia wazee walioninyang'anya ngoma. Nikamwambia, "Wewe hata hujabatizwa."

"Kweli. Sijabatizwa." Akakusanya kahawa zake, akaondoka.

Nilidhani hatarudi. Kesho yake alirudi. Akakaa, akanipa kahawa, akasema maneno yale yale: "Yesu alikufa kwa ajili yako, mwanangu." Akaondoka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakuniuliza kama nimetubu. Hakunikumbusha fimbo. Alikuwa kama mtu aliyetumwa na ujumbe mmoja, akishaufikisha anakwenda kupalilia.

Siku ya tano au ya sita, sikumbuki vizuri, nilimzuia asiondoke. Nikamwuliza, "Tata, kwa nini unakuja? Nilikurudisha mara tatu mbele ya watu. Wala hujui kila kitu. Mchungaji aliniuliza juu yako, nikamwambia bado unarudia mizimu. Nilikusingizia."

Hilo hakuwa amelijua. Niliona uso wake ukibadilika. Aliacha kutafuna. Kwa muda mrefu alitazama nyasi, na mimi nilingoja anilaani, na nawaambia ningeipokea laana ile kwa kuwa ilinistahili.

Akasema, "Limeniuma hilo."

Halafu akasema jambo ambalo mimi, mwanawe, sikuwahi kulisikia. "Mama yako alipougua, watu wa misheni walikuja na machela wampeleke hospitali. Mimi niliwafukuza. Nilisema mizimu itakasirika. Nilichinja mbuzi, nikachinja na ng'ombe. Akafa mikononi mwangu akiniomba maji. Wewe ulikuwa mdogo. Hilo ndilo nililoingia nalo darasani kwako. Nilipokusikia unasema damu ya Yesu inafuta, nilikuuliza, hata la mtu aliyemwua mke wake? Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimemjibu nini? Pengine nilimwambia asikatize somo.

"Uliniambia, hata hilo," akasema. "Nikaamini. Nikiamka naliamini tena, kwa sababu mama yako namkumbuka kila asubuhi. Nisipoliamini siwezi kutoka kitandani. Sasa kama Yesu amenisamehe la mama yako, la kwako wewe nitalishika la nini?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Sina neno jingine. Nililia kama siku ya ubatizo wangu, tena zaidi. Nilimlilia mama yangu, nikamlilia yule mjane, nikamlilia binti yangu ambaye sikuwa nimemlilia. Mke wangu alikuja mbio akidhani mzee amepatwa na jambo. Alipoona ni mimi, aliketi chini pale pale mlangoni, akalia na yeye. Nilimwomba msamaha kwa neno lile la kaburini. Akasema, "Nilidhani hukumpenda mtoto." Fikirini, ndugu. Miezi yote ile mke wangu alilala karibu na mtu ambaye alidhani hakumpenda mtoto wake, na mtu huyo ni mwalimu wa Injili.

Nilichokuwa nimekikosa kilikuwa kile nilichokiita cha mwanzo. Nilikuwa nimekipita, nikaenda kwenye mengine niliyoyaona makubwa, na baba yangu asiyeweza kupanga Amri alikuwa amekaa pale pale kila siku, anakula na kushiba.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa yule mjane. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Alama karibu na sikio ilikuwa bado inaonekana. Nikapiga magoti.

"Inuka," akasema. "Utachafua nguo, na mke wako ndiye anayefua."

Nikabaki chini. Nikamwambia kila kitu: rubisi, kiburi, fimbo. Akaendelea kukata majani. Kisha akasema, "Ile Imani nilikuwa naijua. Uliponikaribia nikasikia harufu, nikawaza, kumbe na huyu. Maneno yakanitoka."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo sijaweza. Njoo tena."

Sikuondoka na furaha pale. Nilirudi mara ya pili, akanipa kiti na hakusema neno juu ya jambo lile. Mara ya tatu alinipa ndizi, akaniambia, "Kula. Nimekwisha kusamehe. Ilikuwa juzi, nikiwa peke yangu." Mjane huyo yu hai, na kila nikimwona namshukuru Mungu na kuinamisha macho, vyote viwili kwa pamoja.

Mchungaji alipofika nilimweleza uongo wangu mbele ya wazee. Alivua miwani, akaifuta. Aliniuliza, "Utafanya nini sasa?" Nikamwomba nianze upya darasani, nikae na watu wa kujifunza. Akasema, "Wewe umekwisha kubatizwa." Nikasema, "Nimebatizwa, lakini njaa ninayo." Akakubali.

Kwa hiyo nikakaa kwenye nyasi karibu na baba yangu, na mwalimu mpya akatufundisha. Mwanzoni watu walikuja kuchungulia. Nilijifunza kusikia kile nilichokuwa nasema. Mchungaji aliporudi, alimsimamisha baba yangu mwenyewe, akamwuliza, "Mzee, unamtegemea nani?" Baba akajibu kwa Kinyambo, kwa maneno machache, yale yale aliyoniambia mimi mara ya kwanza. Mchungaji akamwambia ainamishe kichwa. Maji yalipomwagika juu ya kichwa chake nilikuwa nimesimama nyuma, na sikuweza kutazama mbele. Miaka ile mitatu niliyomnyima siwezi kumrudishia. Aliishi misimu michache tu baada ya hapo. Alikufa akiwa amekula Meza ya Bwana pamoja nami, bega kwa bega, na hilo ni neema, sikulistahili hata kidogo.

Basi nashukuru. Namshukuru baba yangu, aliyenihubiria wakati nilikuwa nimemnyima ubatizo. Namshukuru mke wangu, aliyechuma kahawa yangu nikiwa nimejificha. Namshukuru yule mama wa sikio. Namshukuru mwalimu aliyechukua nafasi yangu na hakunifanyia nilivyowafanyia wengine. Nawashukuru wazee walioninyang'anya ngoma. Wangeniachia, ningekuwa nimepotea nikiipiga.

Na ninyi walimu wapya, mliokaa pale mbele na vitabu vyenu vipya. Mmenisikiliza kwa adabu, na mnanionea huruma, naona. Mimi nilikuwa nimekaa kama ninyi. Msidhani mtachoka mkiwa mmefanya dhambi tu. Mtachoka hata mkiwa mnafanya kazi ya Mungu vizuri. Siku hiyo msijifiche. Tafuteni mtu, hata yule mnayemfundisha, akuambie wewe kwamba Yesu alikufa kwa ajili yako. Mkristo hajawahi kuwa mkubwa kiasi cha kutolihitaji neno hilo. Mimi nalihitaji leo. Nilipokuwa nakuja kwa miguu asubuhi hii, nilisema moyoni kwamba watu wa Ihembe watanisifu kwa kusema kweli. Mnaona? Hata toba yangu niliigeuza kuwa jambo la kujivunia, kabla sijafika hapa.

Ndiyo sababu sikuja mbele, nimesimama mlangoni. Sasa naketi. Naomba mmoja wenu, yeyote, hata kama alibatizwa Jumapili iliyopita na bado hajui mambo mengi, asimame aniambie habari ile toka mwanzo. Akikosea neno, sitamsahihisha.